Vifaa vya Kukatia na Kusagia Nyama Nyumbani: Kipi Kinunuliwe Kwanza

Anayetaka kukata nyama yake mwenyewe nyumbani hushawishika kuanza na mashine ya kusagia, ilhali nafasi ya kwanza inastahili kupewa kisu chembamba cha kutenganisha mnofu na mfupa, chenye bapa la sentimita 13 hadi 15. Bapa la chuma cha kaboni hunoleka upesi, lakini hushika kutu lisipokaushwa mara baada ya kuoshwa. Kwa asiyekata nyama kila siku, chuma cha pua kinafaa zaidi. Mpini uwe wa plastiki ngumu isiyoteleza, kwa kuwa mbao hufyonza damu na mafuta.

Kisu na kinoo vihesabiwe kuwa kitu kimoja. Kisu butu ndicho cha kuogopwa, kwani humlazimisha mkataji kusukuma kwa nguvu, nacho kikiponyoka huishia kidoleni. Jiwe la punje za wastani linatosha, na kisu kilazwe kwa pembe ya takriban digrii 20 kila upande.

Wa pili ni msumeno wa mkono wa mifupa, ule ambao ukanda wake wa meno hufunguliwa ili uoshwe. Shoka, ambalo wengi wanalo tayari, huvunja mfupa na kuacha vibanzi ndani ya nyama. Kwenye maungio msumeno hauhitajiki, maana ncha ya kisu hupita penye gegedu bila shida.

Mashine ya kusagia naiweka ya tatu. Ile ya mkono, inayofungwa mezani kwa skrubu, inatosha kwa kilo chache. Ya umeme ina maana pale tu kazi inapokuwa kubwa na ya mara kwa mara. Kwa zote mbili, nyama na vyuma vipozwe hadi karibu nyuzi 0 za Selsiasi, la sivyo mafuta hulainika na kuziba matundu badala ya kukatika. Kwa kuwa kusaga huingiza ndani vijidudu vilivyokuwa juu ya nyama, nunua pia kipimajoto: nyama ya ng'ombe iliyosagwa huiva salama katikati yake inapofika nyuzi 71.

Mashine ya kufungasha bila hewa ni ya mwisho. Huzuia nyama kukauka kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri, lakini haiondoi haja ya baridi. Msumeno wa umeme wa buchani, kwa maoni yangu, usiingie nyumbani kabisa.