Nimeunga Bedford QLD ya plastiki, sasa nataka malori mengine na siyapati

"Hii Bedford mbona haina pua?"

Ndo swali la kwanza mzee wangu aliniuliza baada ya mimi kukesha wiki sita na kisu na gundi. Yeye yuko Korogwe, mimi niko Luton huku Uingereza, Jumapili tunaongea kwa video, na ujanani alikuwa utingo kwenye Bedford ya shamba la mkonge kwahiyo kwa Bedford humwambii kitu. Nikamsogezea simu karibu na meza aione vizuri, akaitazama weee, akasema mwanangu umeuziwa basi la abiria.

Ngoja nieleze nilichonunua. Ni modeli ya plastiki ya Bedford QLD, lori la tani 3 la jeshi la Uingereza la vita vya pili vya dunia, skeli ni 1/35, yaani dogo mara 35 kuliko la kweli, ukimaliza kuliunga linakuwa na urefu wa kama sentimita 17, yaani kiatu cha mtoto wa miaka minne hivi. Kampuni iliyotengeneza siitaji, sijalipwa kuipigia debe na sitaki kuiharibia. Nimelinunua mkononi kwa mtu, pauni 34, boksi limeshafunguliwa ila plastiki bado ziko kwenye mifuko yake, au ndo alivyosema.

Kwanini mkononi? Kwasababu dukani nilienda nikazunguka kuta zote, Tiger, Tiger, Spitfire, Panther, Tiger nyingine ya mwisho wa vita, Spitfire nyingine, yaani vifaru vya Mjerumani na ndege tu. Nikamuuliza kijana wa pale, samahani lori la jeshi la Uingereza mnalo, akasema lipo akaenda stoo akaja na Opel Blitz. Opel Blitz! Hilo la Mjerumani ndugu yangu. Hapo tuko Uingereza, na QL zilikuwa zinatengenezwa hapahapa Luton na Vauxhall, kuanzia 1941 mpaka vita inaisha zikatoka zaidi ya elfu 50. Kile kiwanda chao cha vani kilichofungwa Machi 2025 nilikuwa nakiona kina taa usiku nikitoka zamu, na dukani wananiletea Opel.

Na hili jambo linanikera kuliko bei. Mwaka 1940 Waingereza walipokimbizwa Dunkirk waliacha Ufaransa magari karibu 64,000, jeshi likarudi kwao linatembea kwa miguu, ndo maana viwanda vikafyatua malori usiku na mchana na Kanada nayo ikaleta Ford na Chevrolet zake mpaka basi. Kifaru bila petroli ni nyumba ya kuku. Petroli inakuja na lori, risasi zinakuja na lori, chai ya Mwingereza inakuja na lori, halafu watengeneza modeli wanatuuzia Tiger ya 40.

Haya, kuunga. Chesisi ndo raha yenyewe, sitaficha. Unaanza na vyuma viwili virefu, unaweka springi nne, difu ya nyuma, difu ya mbele, maana QL inavuta magurudumu yote manne, halafu unapanga zile propela shafti kutoka kwenye boksi la kati linalogawa nguvu, na kila kitu kinaenda kinapokwenda kwenye gari la kweli. Mimi sijasoma ufundi lakini nikiwa naweka ile shafti ya mbele ndo nimeelewa kwa mara ya kwanza gari la fowili linafanyaje kazi, miaka yote nasikia tu mafundi wanasema "weka fowili". Injini ni silinda sita, nayo imewekwa ndani ya kebini katikati ya dereva na mwenzake, imefunikwa kama sanduku. Hapo ndo pua ilipokwenda. Nikamwambia mzee, pua imeingia ndani, dereva anakaa nayo ubavuni. Akanyamaza kidogo akasema "basi huyo dereva alikuwa anaiva."

Sasa machungu. Vipande vidogo ni vingi kupita kiasi, kuna vile vya karatasi ya shaba nyembamba ambavyo ukivikata vinaruka, viwili vimerukia kwenye zulia mpaka leo viko humohumo Mungu anajua wapi. Maelekezo yana michoro mizuri ila kuna hatua mshale unaonyesha kipande kinaingia "hapa" na hapa penyewe pana mashimo matatu. Springi moja ya mbele nimeivunja mwenyewe kwa haraka zangu, hilo silaumu mtu. Na ule mstari wa kalibu, ile chuma inayomiminiwa plastiki, unaopita katikati ya kila kipande lazima uupige msasa, vipande vyote, yaani kuna siku nimetoka kazini saa 12 asubuhi nikakaa kupiga msasa mpaka saa 4, mke wangu akadhani nimerukwa na akili.

Halafu usukani haukuwepo. Nimetafuta kwenye kila fremu ya plastiki, nimehesabu namba zote, kila namba ipo ila ya usukani imeshakatwa. Nikamwandikia aliyeniuzia, kwa adabu kabisa, akajibu maneno mawili tu kwamba nimenunua kama kilivyo. Sawa. Nimechukua waya wa shaba nikauzungushia kalamu, nikauchomelea gundi, nikatia vijiti vya plastiki katikati, ukatoka usukani ambao ukiutazama kwa mbali na ukiwa na nia njema unaonekana usukani. Kwahiyo wadau, ukinunua mkononi mwambie muuzaji akupigie picha za fremu zote kwanza, usiamini neno "kamili".

Turubai la plastiki sikulitumia, nimetengeneza langu kwa karatasi ya tishu na gundi nyeupe iliyochanganywa na maji, ukilitandika likiwa bichi linalala kwenye vyuma kama turubai la ukweli lililonyeshewa. Hii ni bure na inapendeza, jaribuni.

Rangi ndo nataka nikae kidogo. Watu wote wanadhani jeshi la Uingereza ni kijani. Hapana. Mwanzoni mwa vita ndio lilikuwa kijani la kaki, lakini 1942 ile dawa ya kutengenezea rangi ya kijani ikawa adimu, wakahamia kahawia, wenyewe wanaiita SCC 2, kahawia ya matope ya mfinyanzi, halafu 1944 ndo wakaja kwenye kijani chafu kinachofanana na cha Wamarekani, SCC 15. Na juu ya kahawia walikuwa wanachora mabaka meusi ya duara yanayoshuka kutoka juu ya kebini, ukiyaona yanafanana na masikio ya Mickey Mouse na ndo jina yaliyopewa. Nimechagua hiyo. Nimepuliza kahawia mara tatu nyembamba, nikachora masikio kwa mkono kwa brashi, mkono ukatetemeka sehemu mbili lakini si na askari naye alikuwa anachora na brashi kubwa na njaa. Mzee alipoona akauliza lori limetoka kwenye matope au ndo rangi yake.

Kitu kingine kidogo kimenifurahisha. Namba ya jeshi pembeni ya lori inaanza na herufi L, L ya lori. Waingereza wakati ule walitofautisha, gari dogo la mzigo la robo tatu ya tani ni "truck" na namba yake inaanza na Z, la tani moja na nusu kwenda juu ndo "lorry". Sisi tukachukua hilo la pili tukaliweka kwenye Kiswahili mpaka leo tunasema lori. Nimeibandika ile stika ya maji ya L kwa heshima zote, ikapinda, nikaibandua, ikachanika, nikaipaka matope juu.

Kwa modeli yenyewe natoa nyota nne kwenye tano. Nyota moja nimeitoa kwa sababu ya vile vipande vya shaba vya kwenye zulia. Kwa anayeanza nisingemshauri, aanze na Quad ya kampuni ya Tamiya, lile gari la jeshi linalovuta mzinga wa 25-pounder, ni ya zamani ya miaka ya 70 lakini inaungika kirahisi na inapatikana.

Sasa tatizo ni kwamba ukishaunga moja unataka kumi. Na hapa nitasema haki, hali sio mbaya kama zamani. Zamani ilikuwa ni zile ndogo za 1/76, Matchbox walikuwa na Morris C8 na mzinga wake, na ile karavani ya Jenerali Montgomery wa Uingereza juu ya lori la Leyland Retriever, Airfix walikuwa na Matador, na Scammell ya kubeba kifaru. Siku hizi kwenye 1/35 ICM wa Ukraine wametoa Ford WOT 6 na WOT 8, AFV Club wana AEC Matador, Thunder Model wana Scammell Pioneer, Airfix wana ile ambulensi ya Austin K2. Mambo mazuri hayo, nimeshaanza kuweka hela pembeni.

Lakini nenda katafute lile lori la kawaida kabisa, lile la kila siku. Bedford OYD, tani 3, magurudumu mawili tu ndo yanavuta, pua yake imelala mbele kama ya mamba, walitengeneza zaidi ya elfu 70, zaidi hata ya hii QL! Mimi kwenye plastiki ya 1/35 nimezunguka weee nikaishia kukuta za resini, ile ya kumiminwa kwa mkono. Crossley, Albion, Austin K5, ni hadithi hiyohiyo. Na resini mnaijua, bei mara tatu, ukipiga msasa ni vumbi lazima uvae barakoa, na ekseli ikipinda unaichemsha kwenye maji kama muhogo ili uinyooshe.

Nasikia watu wanasema lori haliuzi, kijana anataka mzinga. Mimi naona hesabu yao haijakaa sawa. Angalia hii QL, chesisi ni karibu ileile na kebini ni moja, ukibadilisha bodi nyuma unapata QLD ya mizigo, QLT ya kubeba askari, QLR ya redio, QLC ya mafuta, QLB ya kuvuta mzinga wa Bofors. Kalibu ya chuma umeilipia mara moja unauza maboksi matano. Tiger ukibadilisha nini, namba kwenye mnara? Na wale wa ndege nao wanataka magari, mtu akiweka Spitfire yake mezani bila gari la mafuta pembeni inaonekana imeibiwa. Airfix waliliona hilo wakatoa Albion ya kujazia mafuta kwenye 1/48, ila mimi naunga 1/35 kwahiyo haitanifaa. Skeli nazo ni balaa lingine, malori madogo yalikuwa 1/76 kufuata treni za kuchezea na ndege zikawa 1/72, ukiviweka pamoja rubani anamzidi dereva kimo.

Na mimi nina ndoto yangu nyingine. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, Keya (King's African Rifles), walishuka bonde la Kabaw kule Burma 1944 mvua zikinyesha, wakafika Kalewa Desemba, na malori yanasukumwa kwenye matope mpaka kiunoni. Nataka niliunge hilo tukio, lori limezama ekseli, askari wetu sita wanasukuma. Askari wa Kijerumani wa plastiki nimewaona wa kila namna, wanaokula, wanaovuta sigara, mpaka mmoja anaosha miguu. Wa Keya bado natafuta, nadhani nitaishia kukata vichwa na kofia za hawa na wale nitengeneze mwenyewe.

Basi mwezi uliopita nikaamua nimfurahishe mzee. Nikanunua ya Gecko Models, Bedford MWD, hii ina pua kweli kweli, fupi pana, dereva amekaa wazi juu ya viti vya kawaida, taa mbele. Hii nimeinunua mpya, usukani umo, nimeangalia kabla ya kulipa. Nimeiunga kwa utulivu wiki nne, nikaipaka rangi ileile ya kahawia, masikio safari hii yametulia. Jumapili nikapiga simu, sikusema kitu, nikaiweka tu mbele ya kamera.

Mzee akavaa miwani. Akaangalia mbele, akaniambia geuza, nikageuza, akaniambia inua nione chini, nikainua. Akasema "ee, hapo sawa, hii Bedford." Mimi moyoni nikasema afadhali.

Halafu akauliza inabeba kiasi gani, nikamwambia robo tatu ya tani. Akavua miwani.

"Sasa hiyo mkonge utaweka wapi?"