Msimu wa 2025 wa DP World Tour ukitazamwa kutoka Kampala

Mashindano ya DP World Tour, ambayo hadi mwaka 2021 yalijulikana kwa jina la European Tour, huuzwa kwetu kama bidhaa nyingine yoyote ya televisheni. Unalipia kifurushi cha mwezi, kwa kawaida kile cha bei ya juu, kwa kuwa chaneli ya gofu haiwekwi katika vifurushi vya watu wengi, kisha unaletewa raundi nne za kila wiki, Alhamisi hadi Jumapili. Msimu wa 2025 ulianzia Brisbane, Australia, mwezi Novemba 2024 na kumalizikia Dubai mwezi Novemba 2025, na ratiba yake ilitangazwa kuwa na mashindano yasiyopungua 42 katika nchi 26. Baada ya kuufuatilia nikiwa Kampala, hukumu yangu ni kwamba unastahili kulipiwa, ila thamani yake kwa mtazamaji wa Uganda haiko mahali ambapo matangazo ya biashara yanatuelekeza. Matangazo hutuonyesha Augusta, uwanja wa Marekani wa shindano la Masters, na Ryder Cup, pambano la timu za Ulaya na Marekani. Mimi nilifaidi zaidi Nairobi, Durban na Ireland.

Sababu ya kwanza ni saa. Aliyetaka kumwona Rory McIlroy akimshinda Justin Rose kwenye shimo la nyongeza, linalochezwa wachezaji wakimaliza sare, kule Augusta tarehe 13 Aprili ilimlazimu kukesha hadi baada ya saa nane za usiku, huku kazi ya Jumatatu ikimsubiri. Sisemi kwamba mkesha ule ulikuwa wa bure, kwa maana McIlroy hakuwa ameshinda shindano kuu lolote tangu 2014, na ushindi huo ulimfanya kuwa mtu wa sita tu kutwaa mashindano makuu yote manne, akiungana na Gene Sarazen, Ben Hogan, Gary Player, Jack Nicklaus na Tiger Woods. Lakini huduma inayohitaji usingizi wako ina gharama isiyoandikwa kwenye risiti. Linganisha na Irish Open ya mwezi Septemba katika uwanja wa K Club, ambako McIlroy huyo huyo alimshinda Joakim Lagergren wa Sweden kwa mashimo ya nyongeza mbele ya watu wa nchi yake: Ireland wakati huo iko nyuma yetu kwa saa mbili tu, hivyo mambo yanapokolea huku kwetu ni jioni, familia imekaa pamoja na chakula kinaandaliwa.

Sababu ya pili, ambayo kwangu ndiyo nzito, ni Afrika. Msimu huu ulipita barani mwetu mara sita, nikihesabu Mauritius, na katika vituo hivyo mtazamaji wa hapa huona mambo anayoyajua. Magical Kenya Open ilichezwa Muthaiga, Nairobi, mwezi Februari, na Jacques Kruyswijk wa Afrika Kusini akapata taji lake la kwanza katika mzunguko huu kwa kumwacha John Parry mikwaju miwili. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,700 na Kampala kwa takriban 1,200. Hewa nyepesi huupeleka mpira mbali kuliko mchezaji mgeni alivyozoea, na hapo hesabu ya fimbo ipi itumike huwa mtihani kila shimo. Hilo watangazaji hulitaja mara moja siku ya Alhamisi, kisha wakalisahau. Jirani yangu, mzee aliyefanya kazi ya kubeba mikoba ya wachezaji kwa miaka mingi uwanjani Kitante, hapa Kampala, alikuwa akitamka fimbo kabla mchezaji hajaichomoa, na mara nyingi alipatia. Kwa kweli wachezaji wengi wa kulipwa wa Uganda walianzia kazi hiyo hiyo ya kubeba mikoba, na nashangaa kwamba mzunguko unaotangaza kwa Afrika haujaona faida ya kumweka mtu wa namna hiyo mbele ya kipaza sauti.

Wiki iliyofuata ilikuwa South African Open katika uwanja wa Durban Country Club, na kama ningetakiwa kuchagua wiki moja ya msimu mzima ya kumwonyesha mtu asiyejua gofu, ningechagua hiyo. Mvua iliharibu ratiba hadi shindano likapunguzwa kuwa la mashimo 54, nasi tunaoishi kandokando ya Ziwa Victoria tunaelewa vizuri maana ya uwanja uliojaa maji. Dylan Naidoo, ambaye hakuwa ameshinda shindano lolote la ngazi hiyo, akamshinda Laurie Canter kwenye shimo la nyongeza na kujipatia nafasi ya kucheza The Open, mojawapo ya yale mashindano makuu manne. Hapakuwa na majina makubwa ya ulimwengu uwanjani, na mchezo haukupungukiwa na kitu. Leopard Creek nako, uwanja mwingine wa Afrika Kusini kando ya Mto Crocodile, kamera hupenda kutuonyesha viboko na mamba, jambo ambalo huenda linawastaajabisha watu wa London kuliko sisi. Uwanja wa Jinja uliwahi kusifika kwa kanuni yake ya kumruhusu mchezaji kuutoa mpira uliozama katika unyayo wa kiboko bila adhabu.

Sasa nije kwenye kasoro. Msimu huu kwa hakika ni misimu miwili iliyovalishwa jina moja, na mtazamaji haelezwi hivyo. Upo msimu wa wasafiri, wanaohama kutoka Qatar hadi Kenya hadi China wakitafuta alama za kulinda kadi zao, yaani haki ya kucheza mzunguko huu mwaka ujao, na upo msimu wa wakubwa wachache wanaocheza zaidi Marekani na kujitokeza katika mashindano makuu na katika yale matano ya Rolex Series yenye alama na zawadi nono. Yote hujumlishwa katika jedwali moja liitwalo Race to Dubai. Marco Penge wa Uingereza mapema katika msimu alitumikia adhabu ya kufungiwa kwa kuweka dau kwenye gofu, kosa ambalo katika mji wetu uliojaa vibanda vya kubeti halihitaji maelezo marefu, kisha akarudi na kushinda China, Denmark na Hispania. Akamaliza wa pili. McIlroy, kwa Masters na Irish Open pamoja na alama alizovuna katika mashindano mengine makubwa, akamaliza wa kwanza kwa mara ya saba, akimpita Seve Ballesteros mwenye sita na kubakiza moja kumfikia Colin Montgomerie. Ubora wa McIlroy sina shaka nao. Nalalamikia kwamba wiki hadi wiki skrini huonyesha jedwali bila kueleza kwa nini ushindi wa mahali fulani una alama nyingi na wa pengine una chache, na kwa nini ushindi wake katika shindano la Players kule Florida haukuhesabiwa kabisa kwa kuwa ni shindano la mzunguko mwingine. Mtazamaji mgeni hukata tamaa hapo, akarudi kwenye ligi ya Uingereza, ambako alama tatu ni alama tatu.

Kasoro nyingine ni ya jirani zaidi. Afrika Mashariki nzima ilipewa kituo kimoja, Nairobi, ambacho kiliingia rasmi katika mzunguko huu mwaka 2019 baada ya miaka mingi katika ngazi ya chini, iliyoitwa Challenge Tour. Mchezaji wa Uganda akitaka kuuonja mchezo wa ngazi hiyo karibu na nyumbani hana budi kupigania mwaliko wa huko. Nafahamu kwamba shindano moja linahitaji wadhamini wenye mamilioni ya dola na uwanja unaohimili kamera kila upande. Hata hivyo Kigo, Entebbe na Kitante ni viwanja vya kuvutia, na havitengani sana.

Kuhusu huduma yenyewe ya kurusha matangazo, picha zilikuwa safi, na kampuni niliyoilipa sitaitaja kwa sababu tatizo lake si la ajabu: chaneli ya gofu ilisogezwa mara kwa mara kupisha kriketi au marudio, na zaidi ya mara moja raundi ya Ijumaa, ambayo mchujo huamuliwa jioni yake, ilikatizwa kabla haijulikani nani amebaki na nani anafungasha. Kwa anayependa msimu wa wasafiri, Ijumaa ina uzito kuliko Jumapili.

Mwisho wa msimu ulilipa sehemu ya deni hilo. Dubai iko mbele yetu kwa saa moja, kwa hiyo Jumapili tarehe 16 Novemba mtu wa Kampala alitazama mchana bila bughudha jinsi McIlroy alivyopata igo, yaani mikwaju miwili chini ya kiwango cha shimo, kwenye shimo la 18 na kumlazimisha Matt Fitzpatrick kucheza shimo la nyongeza, na jinsi Fitzpatrick alivyolichukua shindano hilo kwa mara ya tatu pamoja na dola milioni 3 za mshindi.

Kwa asiye na uwezo wa kulipia mwaka mzima, ushauri wangu ni kulipia Februari na kuongeza wiki ya kwanza ya Machi, kukaa bila kifurushi hadi mwisho wa Agosti, kisha kulipia Septemba na Novemba. Masters atasoma matokeo yake asubuhi, akiwa amelala vizuri.