Born in Bradford: Uandikishaji Uliomfuata Mama Alipoketi

Huduma ninayoitathmini ni uandikishaji wa wajawazito katika utafiti wa Born in Bradford nchini Uingereza, uliowapokea wanawake 12,453 kati ya mwaka 2007 na 2010 ili afya ya watoto wao ifuatiliwe hadi ukubwani.

Ubora wake mkubwa ni mahali na wakati uliochaguliwa. Wajawazito wa mji wa Bradford walialikwa hospitalini kupimwa sukari kati ya wiki ya 26 na ya 28, kipimo ambacho mama hufika akiwa hajala, hutolewa damu, hunywa maji ya glukosi, kisha husubiri saa mbili ndipo atolewe damu tena. Aliyewahi kukaa kwenye benchi la kliniki anajua jinsi saa hizo zinavyojikokota. Watafiti walizitumia kuomba ridhaa, kumpima mama na kumsomea maswali ya dodoso, bila kumtaka afunge safari nyingine. Kwa kuwa karibu nusu ya familia zilikuwa na asili ya Pakistan, mahojiano yalifanyika pia kwa Kiurdu na Kimirpuri, na hiki cha pili huzungumzwa zaidi kuliko kuandikwa, hivyo karatasi ya kujaza peke yake isingewafaa wengi.

Kwa kulinganisha, utafiti mwingine wa kufuatilia watoto, Life Study, wa nchi hiyohiyo, ulianza kuandikisha Januari 2015 ukilenga watoto 80,000, ukafungwa mwaka huohuo ukiwa na wanawake 249 tu. Hao hata ukumbi wa harusi wasingeujaza.

Hata hivyo, wiki ya 26 ni kuchelewa. Miezi mitatu ya kwanza, ambamo viungo vya mtoto huumbika, imekwishapita, na mama hubaki kuulizwa mambo ya kukumbuka. Utafiti wa MoBa wa Norway, unaofuatilia akina mama na watoto wao, uliwahi zaidi, kwa kuwaalika wanawake kwa barua kabla ya ultrasound ya wiki ya 17 au 18, ingawa waliokubali walikuwa kama asilimia 41 tu.

Jingine linalonikera ni kwamba mama mwenye njaa, aliye katika hospitali ileile atakayojifungulia, huona haya kukataa. Kwa kuwa ridhaa hiyo inafungua rekodi za afya yake na za mtoto, ningemshauri yeyote anayealikwa namna hii ayasome maelezo nyumbani, pamoja na mwenzake, kabla ya siku ya kipimo.

Kati ya nyota tano, naupa nne.