Raifo ya kwanza ya vita vya zamani: ipi uchukue, ipi uiache mezani

Wakuu, kila nikitoka reinji (uwanja wa kulenga shabaha) nikiweka picha WhatsApp lazima atokee mtu, kaka na mi nataka hiyo ya mbao ya vita, nianze na ipi? Namjibu maneno mawili matatu nalala, kesho yake anakuja mwingine na swali lilelile. Leo namwaga yote hapa mara moja.

Naongelea raifo za kijeshi za zamani, zile za mbao na chuma, bolti, kile chuma kinachosukuma risasi ndani na kufunga nyuma yake, unavuta kwa mkono (isipokuwa moja ntaisema chini). Raifo za kisasa kama AR na bastola za kiunoni siziongelei. Na naongelea kwa sisi tulioko Marekani, mi niko Ohio, maana nyumbani mchezo huu wa kukusanya kama stempu haupo, bunduki kule ni ya kulinda ng'ombe au duka na leseni yenyewe unaisotea mpaka unasahau ulikuwa unaitakia nini. Kwa hiyo ndugu yangu wa Arusha soma ujifurahishe tu. Na wa huku msije mkajitia ujanja wa kuficha bunduki kwenye kontena la nguo na magari linaloenda Dar, hiyo ni jela pande zote mbili za bahari.

Karatasi haraka haraka: mwenye green card ananunua dukani kama raia, unajaza fomu 4473 wanakuchek kwenye mfumo dakika chache umemaliza, ila mwenye viza ya masomo au ya kutembea kwa kawaida haruhusiwi. Na usimnunulie mtu mwingine kwa jina lako hata kama ni shemeji na hela katoa yeye, hilo ni kosa kubwa la serikali kuu. Ukishanogewa kuna leseni ya mkusanyaji wanaiita C&R, dola 30 kwa miaka 3, bunduki iliyofikisha miaka 50 inaletwa mpaka mlangoni kwako. Majimbo mengine yana masharti yao, ulizia kwanza.

Sasa kipimo changu cha kupanga hizi bunduki sio uzuri wala historia, ni kimoja tu, hii bunduki itatoka kabatini mara ngapi kwa mwaka? Nakwambia hivi kwa sababu nilishaumia. Bunduki yangu ya pili kabisa ilikuwa Arisaka Type 99 ya Mjapani, nzuri mno, hata lile ua la mfalme wao pale juu ya chemba (panapokaa risasi) halijasuguliwa kama wanavyoyakuta mengi yamesuguliwa, nikailipia huku natetemeka. Kufika nyumbani natafuta risasi za 7.7 ndo nagundua mjini hakuna, mtandaoni zipo za kuwinda nazo, na kila nikifyatua ni kama dola mbili imepaa angani. Miaka mitatu ikakaa kabatini. Mke wangu akawa anaiita "fimbo ya mgeni". Kwa hiyo kabla hujalipa, simama pembeni ufungue simu uone boksi la risasi 20 linauzwaje, ukishaguna basi hiyo bunduki sio yako.

Namba 1: Lee-Enfield No.4

Najua mtasema napendelea, na kweli napendelea kidogo, babu zetu wa keya (jeshi la KAR la Mwingereza) waliopelekwa Burma walibeba Lee-Enfield, na mpaka leo ukisoma habari za Kenya au Uganda bado unakutana na "Mark 4" mikononi mwa polisi wa akiba na walinzi wa vijijini, ni ukoo huohuo. Ila hata bila hayo ningeiweka hapa. Bolti yake inainuka kidogo tu halafu inateleza kama imepakwa samli, magazini inabeba risasi 10 wakati wenzake wengi ni 5, na saiti yake ya nyuma ya kulengea ni tundu, unachungulia unaweka ncha ya mbele katikati basi, hata sisi wenye miaka arobaini na kitu macho yamechoka tunapiga vizuri. Ile kaka yake ya vita ya kwanza, No.1 Mk III, ina saiti ya mkato ulio wazi mbali na jicho, nzuri kwa picha, kwa macho yangu hapana.

Za kutafuta ni zilizotengenezwa Long Branch kule Kanada au Savage ya hapahapa Marekani, hii ya Savage utaona imegongwa "U.S. PROPERTY" ubavuni kwa sababu ilitoka kwa mkopo wa vita kwenda kwa Mwingereza. Ukichungulia ndani ya mtutu ukakuta mifereji miwili tu badala ya mitano usishtuke na wala usikubali muuzaji wa bunduki nyingine akutishe, wakati wa vita walikuwa wanakimbizana na muda na hiyo ya miwili inapiga vizuri tu.

Kasoro zake. Moja, risasi ya .303 ina ukingo kitakoni, ukizipanga vibaya ukingo wa risasi ya juu ukakaa nyuma ya ule wa chini zinashikana na unabaki unavuta bolti kama unavuta mbuzi asiyetaka kwenda. Ya juu ukingo wake ukae mbele, kila mara. Mbili, kichwa cha bolti kinatoka na kina namba, 0 mpaka 3, ndo walivyokuwa wanarekebisha ile nafasi kati ya bolti na kitako cha risasi, sasa kuna watu wanaunga bunduki kutoka kwenye makopo ya spea bila kupima, kwa hiyo mpe fundi aipime na geji kabla hujapiga hata moja. Risasi zipo, PPU ya Serbia wanatengeneza na maganda yake yanajazwa tena ukipenda kujaza mwenyewe. Bei za bunduki nilizoziona mezani mwaka huu ni kuanzia mia sita mpaka elfu kutegemea usafi.

Ukikuta iliyokatwa mbao za mbele ikafanywa ya kuwindia bei inashuka nusu. Kama unataka kupiga tu, chukua. Usinunue ukidhani utairudishia mbao zake kirahisi, nilijaribu, gharama ilizidi bunduki nzima.

Namba 2: K31 ya Uswisi

Kama ungeniuliza ipi imetengenezwa vizuri kuliko zote ningesema hii bila kufikiri mara mbili. Bolti yake hauizungushi, unavuta nyuma moja kwa moja unasukuma mbele, triga kama kuvunja kijiti cha kioo, na Waswisi hawakupigana vita yoyote nayo kwa hiyo mitutu mingi inang'aa kama ya jana. Ilianza 1931 ikatengenezwa mpaka 1958. Mbao za chini kitakoni huwa zimechakaa zimeliwa na maji, usijali, mtutu ndo unaonunua.

Halafu kuna hiki kitu kinachonifanya nicheke peke yangu, fungua skrubu mbili za bamba la kitako, nyingi zina kikaratasi cha jina la askari aliyepewa, na kikosi chake, wengine mpaka anwani ya nyumbani, maana kule askari alikuwa anakaa na bunduki yake nyumbani. Mi nilikikuta, nimekirudisha palepale.

Kwa nini sio namba moja? Risasi. Ni 7.5x55, ile ya jeshi lao GP11 ni tamu sana na haina chumvi ya kula mtutu, lakini inakuja kwa msimu, ikiisha imeisha mpaka meli nyingine. Ukiiona nunua kreti.

Namba 3: Mauser ya Mswidi, M96 au M38

Hii ndo nawapa watu wanaoogopa teke. 6.5x55 haipigi bega, unaweza kupiga 40 mchana mmoja ukarudi ukabeba mtoto, na risasi zake hazitaisha karne hii kwa sababu wawindaji bado wanaipenda. Sweden nao hawakuingia vita kuu yoyote kati ya zile mbili. Kwenye kitako kuna kisahani cha shaba chenye namba na alama za pembetatu, ndo cheti cha hali ya mtutu, jifunze kukisoma kabla hujaenda dukani maana muuzaji hatakusomea kikiwa kibaya. Ile M96 ni ndefu kama mwiko wa shughuli, ukiwa na gari dogo chukua M38.

Namba 4: M1 Garand

Hii ndo ile niliyosema haivutwi, inajikoki yenyewe, risasi 8 kwenye klipu ya chuma inayoruka juu na kulia tingg ikiisha. Kila mtu anaitaka kwa hiyo tingg na mi siwalaumu. Sehemu salama ya kununua ni CMP, shirika linalowauzia raia bunduki za zamani za jeshi, wana maduka Anniston kule Alabama na hapa kwetu Camp Perry, lakini wao wanataka raia, green card haitoshi, na uwe mwanachama wa klabu inayotambulika nao. Kwa hiyo wengi wetu tunangoja kiapo kwanza, mi nilikula kiapo mwezi wa tatu na wa tano nilikuwa kwenye foleni Camp Perry, jamaa wananiuliza umetoka mbali eh, nawaambia kidogo.

Tahadhari ni mbili. Kidole gumba, ukishakandamiza klipu toa mkono fasta kabla bolti haijarudi, atakayeumia mara moja harudii. Na usije ukaingia dukani ukachukua .30-06 yoyote ya kuwindia eti kwa kuwa namba ni ileile, zile zenye baruti kali zinaweza kupinda ule mkono wa chuma unaorudisha bolti. Tafuta boksi lililoandikwa la Garand kabisa. Ndo maana iko namba 4, risasi sahihi ni ghali na inakula 8 kabla hujapumua.

Namba 5: Yugo M48

Mauser iliyotengenezwa Kragujevac, Yugoslavia, baada ya vita. Imara, haina mambo mengi, inapiga teke kweli, 8mm. Chukua kama unataka Mauser ya kawaida na hela haifiki kwenye K98k, ile Mauser ya Mjerumani ya vita ya pili, ambayo siku hizi ni bei ya gari bovu na nusu yake zimegongwa alama za uongo. Hapo kwenye K98k mwanafunzi asiguse, waachie wenye vitabu.

Mara mtu ananiambia anataka Mauser "kama ya askari wa Mjerumani Tanga". Mkuu, Novemba 1914 pale Tanga wengi wa wale askari walikuwa bado na lile dubwana la 1871 la baruti nyeusi, ukipiga moja moshi unakutangaza uko wapi, mpaka Waingereza walipokimbia wakaacha mamia ya bunduki za kisasa ndo baadhi yao wakabadilisha. Kwa hiyo ukitaka uhalisia nunua ya 1871, risasi ujitengenezee mwenyewe, halafu uniite nije na kiti.

Namba 6: Mosin-Nagant 91/30

Hapa ndo nitatukanwa. Kila video ya zamani inasema anza na Mosin, na miaka ya 2010 ilikuwa kweli, bunduki chini ya dola 100, na ukinunua kopo zima la bati lenye risasi 440 unalibeba begani kama gunia la mchele. Sasa hivi naziona mia nne na zaidi, na risasi za Mrusi zilizuiwa kuingizwa 2021. Kilichokuwa kizuri kuhusu Mosin ni bei, bei ikaondoka, kimebaki nini? Bolti inayonata ukipiga ishirini, unaigonga na kiganja (mara nyingi ni ile grisi ya zamani imeganda ndani ya chemba, isugue na brashi ya shaba itapungua), sefti (kizuizi cha kufyatua) inayotaka nguvu ya mtu wa mizigo, na ilipigwa saiti ikiwa na singe mbele kwa hiyo bila singe inapiga pembeni.

Na zile risasi za bati za zamani zina chumvi kwenye kofia yake. Ukipiga ukalala bila kusafisha kesho mtutu una kutu. Mafuta peke yake hayaondoi chumvi, inataka maji ya moto, unamimina birika zima mtutuni halafu unakausha ndo unapaka mafuta. Usitumie birika la chai. Nimeshaambiwa.

Ukitaka Mosin kweli jikaze ununue ya Mfini, M39 yenye alama ya SA iliyozungushiwa kiboksi, yaani jeshi la Wafini, wao walichukua miili ya Mrusi wakaweka mitutu yao na mbao zao, ni bunduki nyingine kabisa. Nyingine mwili wake ni wa kabla ya 1899 hivyo sheria ya serikali kuu inaihesabu kama kitu cha kale.

Ukishaichagua, mezani fanya hivi. Beba tochi ndogo ya kuingiza kwenye chemba na uchungulie kutokea mdomoni, giza kidogo ni uchafu ila vishimo vishimo ni kutu na havitoki. Linganisha namba ya bolti na ya mwili. Angalia nyufa za mbao nyuma ya ule mkia wa chuma. Muulize mwenye meza kama unaweza kufungua bolti. Kuna mzee mmoja kwenye maonyesho alinikatalia, ooh ina mafuta, ooh imefungwa na tai ya plastiki, nikamwambia sawa baba nikazunguka, nilivyorudi saa tisa jamaa mwingine kashalipa na yuko parking anaivuta bolti kwa mguu.

Na kabla ya yote hayo, bajeti yako toa hela ya kabati la chuma lenye kufuli kama kuna watoto ndani, na vizibo vya masikio viwili viwili, cha ndani na cha juu. Mosin chini ya paa la bati la reinji sio mchezo, sikio langu la kushoto bado linaimba.