Cherehani ya miguu: nilivyoiona nikiwa nimejitenga kijijini Taita

Ukiniuliza ni kitu gani cha kumnunulia mtu anayelazimika kukaa nyumbani kijijini kwa muda mrefu, awe amejitenga kwa ajili ya maradhi, anauguza mzazi au kazi imesimama, nitakutajia cherehani ya miguu kabla ya redio, kabla ya simu kubwa na kabla ya televisheni ya sola. Nasema hivyo kwa sababu nililala nayo chumba kimoja wakati wa korona mwaka 2020, na mpaka leo ndiyo inayosaidia kulipa karo ya binti yangu.

Ninayoizungumzia ni ile nyeusi ya Kichina yenye maua ya rangi ya dhahabu ubavuni, meza ya mbao na miguu ya chuma, ambayo utaiona kwenye vibaraza vya mafundi Kenya na Tanzania. Imeigwa kutoka cherehani za Singer za aina ya 15, muundo wenye umri wa zaidi ya miaka mia moja. Viwanda vinavyoitengeneza ni kadhaa na tofauti zao ni ndogo, kwa hiyo nitaizungumzia kwa aina yake.

Nilikuwa nafanya kazi ya kufua na kupiga pasi katika hoteli moja Diani, Kwale, pwani ya Kenya. Kisa cha kwanza cha korona Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020, shule zikafungwa siku chache baadaye, wageni wakakatika, na hoteli za pwani zikaanza kufunga milango moja baada ya nyingine. Tukaambiwa twende nyumbani tusubiri kuitwa. Nikapanda gari hadi Voi, kutoka Voi nikapanda jingine hadi Wundanyi. Kuanzia tarehe 8 Aprili serikali ilipiga marufuku kuingia na kutoka Kwale, Mombasa na Kilifi, na wenzangu waliosita wakakwama huko huko, kodi ya nyumba inadaiwa na kazi hakuna.

Kijijini, mtu aliyetoka pwani siku zile alitazamwa kwa hofu, na sikumlaumu yeyote. Mhudumu wa afya wa jamii alifika akaniomba nijitenge wiki mbili. Mama akanipa kijumba cha uani alimokuwa akihifadhi mahindi, na chakula akawa ananiwekea juu ya kigoda nje ya mlango, anapiga hodi, anarudi nyuma hatua kadhaa, tunaongea kwa mbali. Mle ndani mlikuwa na magunia ya mahindi, kitanda, na cherehani niliyoinunua mwaka mmoja kabla, shilingi elfu tisa, kwa fundi aliyekuwa anahama Mwatate.

Kinachochosha katika kujitenga ni jinsi siku inavyokosa mipaka. Saa tatu asubuhi inafanana na saa tisa alasiri. Unalala mchana, usiku unakodoa macho. Waziri wa Afya wakati ule, Mutahi Kagwe, alikuwa akitoa takwimu mpya karibu kila siku, na ukishazisikia hesabu zile huna la kufanya ila kungoja za kesho. Ushauri tuliotumiwa kwenye simu ulikuwa wa watu wa mjini: fanya mazoezi kwa kufuata video, jiandikishe kozi mtandaoni. Kwetu mtandao unashika ukipanda hadi mteremko wa kanisa, na aliyejitenga hatakiwi kupanda huko.

Cherehani haikuniomba umeme wala mtandao wala ruhusa ya kutoka. Ilitaka mwanga wa dirisha, kwa hiyo nililazimika kuamka mapema na kukata vitambaa asubuhi jua linapoingia upande wa mashariki, kushona mchana, na kuacha jioni macho yasipoona tena tundu la sindano. Siku ikapata mwanzo na mwisho bila mimi kujipangia ratiba yoyote ukutani. Tena mwili unafanya kazi. Miguu inakanyaga kisigino na vidole, kisigino na vidole, mpaka mwendo ule unakuingia kama kutwanga kwa zamu, na akili inatulia kwa sababu huwezi kuwaza msiba ambao haujafika huku unafuata mstari wa chaki. Niliokuwa nawaombea niliwaombea nikiwa nashona, na usiku nikalala.

Wiki zile mbili sikumshonea mtu wa nje. Nilishona vya nyumbani: mapazia, foronya, aproni ya Mama kutokana na shuka kuukuu. Vyote vilifuliwa kwa sabuni na kuanikwa juani kabla ya kuguswa na mwingine.

Sasa niseme inavyofanya kazi, maana wengi wanakata tamaa nayo mapema na kusema ni mbovu. Gurudumu la mkono huzungushwa kuelekea kwako tu. Ukilianzisha kwa mkono kisha miguu ikafuata, uzi unatulia. Likirudi nyuma hata nusu mzunguko, nyuzi zinajifunga chini ya kitambaa na sindano inaweza kuvunjika. Hapo mtu hujifunza miguu yake kwa kukanyaga bila uzi, kitambaa kikiwa ni karatasi yenye mistari, na baada ya hapo mambo huwa rahisi. Jambo la pili ni bobini, kile kigurudumu kidogo kinachobeba uzi wa chini. Ukiona vitanzi vya uzi upande wa chini wa kitambaa, wengi hukimbilia kufungua kikasha cha bobini na kukaza skrubu. Kosa liko juu: uzi wa juu haukupita sawasawa katikati ya visahani vya kukazia, au umelegezwa mno. Vitanzi vikitokea juu, hapo ndipo uangalie chini. Kupima kikasha ni kazi ya sekunde chache. Kikiwa na bobini ndani, kishike kwa ncha ya uzi kining'inie hewani. Kikianguka chenyewe, kimelegea. Kisiposogea hata ukikitikisa, kimekazwa mno. Ukikipa mtikisiko mdogo kikashuka kidogo na kusimama, kiko sawa, kirudishe. Nilimwonyesha binti yangu kipimo hiki kupitia dirishani, akashangilia kana kwamba nimemfanyia mazingaombwe, na tangu siku ile anajipimia mwenyewe.

Mafuta ya cherehani tone moja kila tundu, halafu shona kwenye kitambaa kibovu mpaka mafuta yasionekane. Tafadhali usitumie mafuta ya kupikia. Yanaganda ndani, na mashine inakuwa nzito mpaka magoti yalie.

Nilipotoka karantini, barakoa zilikuwa zimeshakuwa lazima mahali pa umma, na kanuni zilitaja faini ya hadi shilingi 20,000 au kifungo cha miezi sita. Shilingi 20,000 kijijini ni ng'ombe. Duka letu lilikuwa na barakoa chache za kutupa, bei imepanda. Nikaanza na leso (kanga) za zamani, pamba iliyofuliwa mpaka ikalainika, sindano namba 14. Lastiki iliadimika, kwa hiyo nikashona kamba za kitambaa za kufunga kisogoni, na wazee walizipenda kuliko lastiki kwa sababu hazivuti masikio. Marinda matatu, yote yakielekea chini mtu anapoivaa, ili vumbi lisitue kwenye mikunjo. Tarehe 5 Juni Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wa barakoa za kitambaa za matabaka matatu, la ndani linalofyonza na la nje lisiloshika maji, nikabadilisha: pamba ndani, na nje kitambaa cha poliesta cha bitana. Mashine ilipita matabaka yote pamoja na mikunjo bila kuruka mshono. Hapo ndipo nilipoiheshimu. Cherehani ndogo ya plastiki ya umeme ya jirani yangu ilikwama kwenye mikunjo hiyo hiyo.

Wateja walisimama kwenye ua, wakachagua rangi kwa mbali, wakalipa kwa M-Pesa. Mwezi Machi Safaricom ilikuwa imeondoa ada ya kutuma kiasi kisichozidi shilingi elfu moja, na hilo liliwasaidia watu wa malipo madogo kama sisi.

Kazi ninayoithamini kuliko zote ni sodo za kufua, yaani pedi za hedhi. Sheria ya mwaka 2017 iliagiza serikali iwape wasichana wa shule sodo bure, na njia ya kuwafikia ilikuwa shule. Shule zilipofungwa, wasichana wa kijiji chetu walirudia matambara na magodoro yaliyochanwa. Binti yangu ndiye aliyeniambia, kwa sauti ndogo, baada ya rafiki yake kumweleza. Sodo hizi zina flaneli juu, matabaka ya taulo kuukuu katikati, na chini kitambaa cha mwavuli uliovunjika, kwa sababu hakipitishi maji. Mabawa mawili na kifungo cha kubana. Zinafuliwa kwa maji baridi na sabuni na kuanikwa juani, juani kabisa, wala si kufichwa chini ya kitanda zikauke kwa unyevu. Kushona kitambaa cha mwavuli ni mtihani kwa kuwa kinateleza, lakini mashine hii haina haraka. Unaweza kuishusha sindano mshono mmoja mmoja kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono, jambo ambalo mashine ya umeme yenye kasi hukunyima.

Halafu kukaja kazi ya viraka. Mwishoni mwa Machi Kenya ilisimamisha kuingiza mitumba kutoka nje, na marufuku hayo yalidumu hadi Agosti. Watu wakatoa nguo za chini ya sanduku. Kola ya shati huchakaa upande unaogusa shingo. Unaifumua taratibu kwa wembe, unaigeuza, unaishona tena mahali pake, na shati la mwalimu mkuu linarudi kuwa shati la mwalimu mkuu. Bei ndogo, furaha kubwa. Nilikuwa nikifanya hivyo huku binti yangu, aliyekuwa darasa la sita, akisikiliza masomo ya redio yaliyoandaliwa na KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya, na kurushwa na KBC, shirika la utangazaji la taifa. Darasa lake halikurudi shuleni mpaka tarehe 4 Januari 2021. Miezi yote hiyo alifanya hesabu zake kwenye kona ya meza ya cherehani, na vipimo vya futi vikamsaidia kwenye sehemu na desimali kuliko nilivyotarajia.

Kasoro zipo, na mnunuzi anastahili kuzijua. Mashine hii inashona mstari ulionyooka tu, mbele na nyuma. Fulana na nguo za kuvutika haziwezi vizuri: mshono hukatika mtu akiinua mkono. Kingo za kitambaa zinazochanika itabidi uzikunje mara mbili na kuzishonea ndani, na hiyo ni kazi ya ziada na kitambaa cha ziada. Mkanda wa ngozi hulegea, hasa wakati wa mvua. Mvua za masika za 2020 zilikuwa kubwa na ukungu wa milima yetu haukuondoka asubuhi, basi mkanda ukawa unateleza kwenye gurudumu mpaka nikaukata kipande kidogo na kuufunga upya kwa kile kipini chake cha waya. Vipuri ndivyo vilivyonisumbua zaidi. Kikasha kipya cha bobini nilichoagiza kutoka duka moja la mjini kilikuja na ukingo usiosuguliwa vizuri, kikawa kinakata uzi, na duka halikukubali kukirudisha. Fundi wa baiskeli alinisugulia kwa msasa laini, kikawa sawa. Kwa vile muundo ni mmoja, vipuri vya kampuni tofauti huingiliana, lakini ubora wake haulingani. Vitazame kwa macho na uvipitishie kidole kabla ya kulipa.

Meza pia ni fupi kwa mtu mrefu. Mama aliniwekea mbao chini ya miguu ya chuma, mgongo ukapona. Na kama nyumbani kuna watoto wadogo, chomoa mkanda kwenye gurudumu kila unapoondoka. Kanyagio linawavutia, na sindano haichagui kidole.

Haimfai mtu mwenye maumivu makali ya magoti au vifundo vya miguu, na haimfai aliye na homa na anahitaji kupumzika. Huyo mwacheni alale. Inamfaa aliye mzima lakini amefungiwa, mwenye mikono inayotafuta kazi, na anayeishi mahali umeme unapokatika bila taarifa. Kwangu mimi inapata nyota nne kati ya tano, na hiyo moja imechukuliwa na vipuri.

Ukinunua iliyotumika, nenda na kipande cha leso na kipande cha jinzi mfukoni. Zungusha gurudumu taratibu usikilize kama kuna mkwaruzo, kisha shika mhimili wa sindano uutikise kushoto na kulia. Mhimili ukicheza sana, umekwisha. Shona leso moja, kisha jinzi iliyokunjwa mara nne, na ugeuze kitambaa uangalie chini. Muuzaji akikataa kukuachia ujaribu, hifadhi pesa zako uende kwa mwingine.