Potenshiostati ya Njia Mbili kwa Vipimo vya Haidrojeni katika Feleji: Tathmini Kutoka Kampala

Potenshiostati hii ndogo, yaani kifaa kinachodhibiti volteji ya elektrodi na kupima mkondo wa umeme, tuliinunua kwa ajili ya maabara ya metali hapa Kampala kwa kazi moja tu, nayo ni kupima kasi ya usambaaji wa haidrojeni ndani ya aloi za chuma kwa mbinu waliyoieleza wanasayansi Devanathan na Stachurski mwaka 1962. Bati jembamba la feleji hubanwa kati ya seli mbili. Upande mmoja haidrojeni huzalishwa kwa umeme, na upande wa pili, ndani ya sodiamu haidroksaidi, kila atomu inayojitokeza hunyang'anywa elektroni yake, hivyo mkondo unaosomwa huko huonyesha kiasi cha haidrojeni kilichovuka.

Sifa kuu ya kifaa ni kwamba njia zake mbili, moja kwa kila seli, zimetenganishwa kabisa kiumeme. Bati lile ni elektrodi ya saketi zote mbili kwa pamoja, na mashine zinazotumia waya mmoja wa ardhini huchanganya mikondo. Isitoshe, kifaa hutumia umeme wa betri ya kompyuta, kwa hiyo umeme wa mjini unapokatika kipimo hakikatiki.

Programu yake ndiyo inayonitia shaka. Hutafuta muda ambao mkondo hufikia asilimia 63 ya kiwango chake cha mwisho, kisha hugawanya mraba wa unene wa bati kwa muda huo mara sita ili kupata kigawo cha usambaaji, yaani kipimo cha kasi ya haidrojeni kusambaa. Kwa bati la milimita 1 na kigawo cha usambaaji cha 10⁻¹⁰ m²/s, muda huo ni dakika 28 hivi. Jibu hutolewa kwa tarakimu nne, majivuno matupu, maana kosa la asilimia 5 katika unene huzaa kosa la takriban asilimia 10 katika jibu. Baya zaidi, hutumia mzunguko wa kwanza wa kipimo pekee, wakati kasoro za ndani ya feleji bado zinanasa haidrojeni na kuichelewesha. Ni lazima kurudia mzunguko wa pili na kukokotoa mwenyewe. Kwa bahati nzuri data ghafi hutolewa bila kizuizi.

Elektrodi rejea, ile ambayo volteji nyingine hupimwa dhidi yake, inayokuja na kifaa ni ya fedha na kloridi ya fedha, isiyofaa kukaa muda mrefu katika alkali. Mnunuzi aagize kando ile ya zebaki na oksidi yake, pamoja na chumvi ya paladiamu ya kupaka upande wa bati ambako haidrojeni hutokea.