TCM: chaneli ya filamu za zamani, na namna ya kuzipata nzima

Anayelipia Turner Classic Movies, TCM kwa kifupi, analipia hasa jambo moja: kuiona filamu ya zamani ikiwa kamili. Haisimamishwi katikati kupisha matangazo ya biashara, haipunguzwi dakika ili itoshee ratiba, haipakwi rangi, na kingo zake hazikatwi ili ijaze kioo cha runinga. Chaneli hii ya kebo ya Marekani imekuwa hewani tangu tarehe 14 Aprili 1994, na kushika msimamo huo miaka yote hiyo si jambo dogo. Ndiyo maana tunaipa alama za juu, pamoja na kasoro tutakazozitaja. Ila chaneli inakufikishia nusu tu ya ahadi. Nusu ya pili iko kwenye mipangilio ya runinga na kisimbuzi chako, na hapo ndipo watazamaji wengi wanapopoteza walicholipia.

Tuanze na ghala, kwa sababu ghala ndilo linaloeleza kwa nini unaona unachokiona. Mwaka 1986 Ted Turner aliinunua studio ya MGM. Madeni yakambana, akauza sehemu kubwa yake baada ya miezi michache, lakini filamu akabaki nazo: za MGM zilizotengenezwa hadi mwaka huo, nyingi za Warner Bros. za kabla ya 1950, na haki za Marekani za filamu za studio ya RKO. Humo ndimo wanamotoka Greta Garbo wa MGM, Humphrey Bogart wa Warner, na Fred Astaire na Ginger Rogers wa RKO. Turner huyohuyo alikuwa amewaudhi wapenzi wa filamu miaka ya 1980 kwa kuzipaka rangi kwa kompyuta filamu za nyeusi na nyeupe. Citizen Kane ilisalimika kutokana na mkataba aliokuwa nao mwongozaji wake, Orson Welles. TCM ilipozaliwa ikashika njia iliyo kinyume kabisa, na haijaiacha.

Ukilijua ghala hili, utaelewa pia kinachokosekana. Mtu hujiuliza kwa nini filamu za studio ya Paramount za miaka ya 1930 hazionekani mara kwa mara kama za MGM. Ni kwa sababu mwaka 1958 kampuni ya MCA ilinunua mamia ya filamu za sauti za Paramount za kabla ya 1950, na leo ziko mikononi mwa studio ya Universal. TCM inalazimika kuzikodi, na kinachokodiwa kina masharti na muda wake. Kwa hiyo filamu ya Paramount unayoitamani ikitokea kwenye ratiba, irekodi siku hiyohiyo. Usiseme itarudi mwezi ujao.

Kinachoitofautisha chaneli hii na rafu ya filamu mtandaoni ni mtu anayekuambia jambo kabla filamu haijaanza. Robert Osborne alifanya kazi hiyo tangu siku ya kwanza hadi afya ilipomzuia. Alifariki Machi 2017. Ben Mankiewicz, aliyejiunga 2003, ni mjukuu wa Herman Mankiewicz aliyeandika Citizen Kane pamoja na Welles. Eddie Muller anaendesha Noir Alley, kipindi cha filamu za uhalifu za vivuli virefu, na hatukosei tukisema ndicho kipindi bora cha chaneli nzima. Muller anakueleza nani aliandika hadithi, nani alinyimwa jina lake kwenye orodha ya mwanzo, na mtaa upi wa Los Angeles uliopigwa picha umeshabomolewa. Jacqueline Stewart, profesa wa sinema, alikabidhiwa filamu bubu za Jumapili usiku mwaka 2019. Usiruke utangulizi, na usizime filamu inapokwisha: mara nyingi mtangazaji hurudi kwa dakika moja au mbili na neno la mwisho ambalo asingeweza kulisema mapema bila kuharibu hadithi.

Mfano mmoja unaonyesha thamani ya filamu nzima kuliko maelezo yoyote. Baby Face ya 1933, akiigiza Barbara Stanwyck, ilikataliwa na bodi ya udhibiti ya New York, Warner wakaikatakata. Kuna fundi viatu mzee anayempa binti anayeigizwa na Stanwyck ushauri wa maisha. Katika nakala iliyokatwa anamwambia kuna njia sahihi na njia mbaya, achague sahihi. Katika nakala ya awali, iliyogunduliwa mwaka 2004 kwenye hifadhi ya Maktaba ya Bunge la Marekani, mzee huyo anamnukuu mwanafalsafa Nietzsche na kumwambia awatumie wanaume kupata anachotaka. Nakala zote mbili zilitolewa 2006 kwenye mkusanyo wa diski wenye jina la TCM, Forbidden Hollywood. Tofauti kati ya nakala hizo ni dakika tano hivi, lakini dakika hizo tano zinaigeuza filamu kuwa nyingine. Kanuni ya Hays, yaani masharti ya maadili ya studio za Hollywood, iliandikwa 1930 lakini ikaanza kusimamiwa kwa ukali katikati ya 1934, kwa hiyo ukiona kwenye ratiba filamu ya Marekani yenye mwaka kati ya 1930 na mwanzo wa 1934, iwekee alama. Katika miaka hiyo wanawake wa filamu wanafanya na kusema mambo ambayo hawakuruhusiwa tena kwa miongo kadhaa.

Sasa runinga. Filamu nyingi za sauti za kabla ya 1953 zina picha yenye uwiano wa 1.37 kwa 1, yaani inakaribia mraba. Runinga za leo ni 1.78 kwa 1. Picha ikiwekwa vizuri itachukua asilimia 77 ya upana wa kioo, na mikanda myeusi itabaki kushoto na kulia. Mikanda hiyo si kasoro. Ukibonyeza kitufe cha kukuza ili kuiondoa, unatupa karibu robo ya picha juu na chini. Fred Astaire alishikilia kwamba apigwe picha mwili mzima anapocheza, kichwa hadi viatu; ukikuza Top Hat unamkata miguu, na miguu ndiyo filamu yenyewe. Kosa la pili ni kuivuta picha kwa upana tu: watu wote wananenepa na magurudumu ya magari yanakuwa mayai. Kwenye rimoti tafuta mpangilio wa ukubwa wa picha, uache kwenye ule wa asili, kisha uingie pia kwenye menyu ya kisimbuzi, kwa sababu mara nyingi kisimbuzi ndicho kinachovuta picha kabla haijafika kwenye runinga. Filamu nyingine za 1929 hadi 1931 ni nyembamba zaidi, karibu 1.2 kwa 1, kwa sababu mstari wa sauti ulikula upande mmoja wa ukanda. Nazo ziache zilivyo.

Filamu pana zina tatizo la upande mwingine. Ben-Hur ya 1959 ni 2.76 kwa 1, kwa hiyo inatumia asilimia 64 tu ya kimo cha kioo. Zamani vituo vya runinga vilikata pande mbili za filamu kama hizi. Katika Seven Brides for Seven Brothers ya 1954 ukataji huo ulikuwa unafuta karibu nusu ya picha, na filamu yenye ndugu saba haivumilii hilo. TCM huonyesha upana wote. Mara moja moja utakutana na nakala ya zamani iliyotengenezwa kwa ajili ya video, ambayo inatokea ikiwa na weusi pande zote nne kama picha iliyowekwa ndani ya fremu. Hapo tu ndipo kitufe cha kukuza kina kazi halali.

Zima kulainisha mwendo. Kila kampuni imelipa jina lake, lakini kazi ni ileile: runinga inatunga fremu za katikati ambazo hazikupigwa picha na mtu yeyote, na filamu ya fremu 24 kwa sekunde inafanana na tamthilia ya studio. Zima pia kupunguza chembechembe, na ushushe ukali wa picha hadi sifuri au karibu na hapo. Chembechembe ni sehemu ya ukanda wenyewe. Runinga ikizifuta inafuta na ngozi, nywele na kitambaa. Jaribio zuri ni ngoma ya Cheek to Cheek ndani ya hiyohiyo Top Hat. Gauni la Ginger Rogers lilishonwa kwa manyoya ya mbuni, na yalikuwa yakichomoka akizunguka. Mipangilio ikiwa sawa, utayaona manyoya madogo yakielea sakafuni. Ikiwa mibaya, yanayeyuka kwenye ukungu. Kwa nyeusi na nyeupe chagua rangi ya joto, kwani ile ya kiwandani huifanya nyeupe kuwa ya bluu. Na kwa filamu za miaka ya mwanzo ya sauti, zima mwigo wa sauti ya mzunguko (surround): sauti ile ilirekodiwa kwa njia moja, na kuitawanya chumbani kunaongeza mwangwi bila kuongeza neno moja la kusikika.

Kurekodi nako kuna mitego. Siku ya TCM huanza saa 12 asubuhi kwa saa za Mashariki ya Marekani, si saa 6 usiku. Noir Alley huwekwa Jumamosi saa 6 usiku na kurudiwa Jumapili saa 4 asubuhi. Kwenye ratiba ya chaneli, kipindi hicho cha usiku kinahesabiwa ni cha Jumamosi. Kwenye kalenda ya kisimbuzi tayari ni Jumapili. Wengi hurekodi siku isiyo yake kwa sababu hii. Ongeza dakika 2 kabla na angalau 10 baada, maana utangulizi na filamu fupi za kujazia nafasi husogeza muda. Ukirekodi filamu mbili zinazofuatana, dakika hizo za ziada zinapishana na kisimbuzi kitahitaji kupokea mara mbili kwa wakati mmoja. Chenye uwezo wa kurekodi kitu kimoja tu kitakata mwisho wa ya kwanza. Na nyota mkubwa akifariki, ratiba hupanguliwa ili kumuenzi. Rekodi uliyoiweka wiki mbili nyuma itakuletea filamu nyingine ndani ya jina lilelile, basi kagua siku moja kabla.

Jambo moja zaidi kwa filamu ndefu: Ben-Hur inaanza na muziki wa zaidi ya dakika sita juu ya picha ya Michelangelo isiyosogea, na 2001: A Space Odyssey ya 1968 inaanza na muziki juu ya kioo cheusi kitupu. Mawimbi hayajakatika. Huo ndio mwanzo.

Filamu bubu zinataka uangalifu zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Kasi ya kupiga picha haikuwa moja; iliyopigwa kwa fremu 18 ikiendeshwa kwa 24, kila mtu anatembea kwa kasi iliyozidi theluthi moja, na huzuni inageuka kichekesho. TCM kwa kawaida huonyesha nakala zilizorekebishwa kasi, zikiwa na muziki uliotungwa kwa ajili yake. Within Our Gates ya Oscar Micheaux, ya 1920, ndiyo filamu ndefu ya zamani kuliko zote zilizosalia za mwongozaji Mmarekani mweusi, na imesalia kwa sababu nakala moja ilikuwa Hispania. Katikati kuna kipande kilichopotea, na maandishi kwenye kioo yanakisimulia. Ripoti ya Maktaba ya Bunge ya 2013 ilikadiria kwamba takribani asilimia 70 ya filamu ndefu bubu za Marekani zimepotea kabisa. Ukiyasoma maandishi yale ukiwa na hesabu hiyo kichwani, huwezi kuyachukulia kama usumbufu.

Kasoro sasa. Kubwa kuliko zote ni kwamba TCM hainunuliwi peke yake kwenye kebo. Inakuja ndani ya kifurushi, na si kila kampuni inaiweka kwenye kifurushi cha bei nafuu. Mwaka 2019 kampuni moja kubwa iliihamishia kwenye kifurushi cha michezo, na mpenzi wa Garbo akajikuta analipia mpira. Kabla ya kusaini, uliza jina kamili la kifurushi kilicho na TCM, na uulize pia kama akaunti hiyo inafungua programu ya Watch TCM. Programu hiyo hukupa filamu kwa siku chache baada ya kurushwa, lakini si zote: zile za kukodi mara nyingi zina ruhusa ya kurushwa hewani tu. Ndiyo maana rekodi yako mwenyewe ina usalama zaidi.

Kasoro ya pili ni marudio. Casablanca ni filamu kubwa, lakini mwaka una usiku mwingi. Katika 31 Days of Oscar, msimu wa filamu za tuzo za Oscar, vipindi vya kawaida hupumzishwa, Noir Alley na filamu bubu zikiwemo, na kwa mtazamaji mzoefu hicho ndicho kipindi chembamba kuliko vyote. Kasoro ya tatu ilionekana Juni 2023, wenye chaneli walipopunguza viongozi wake. Waongozaji Steven Spielberg, Martin Scorsese na Paul Thomas Anderson walikwenda kuitetea, na Charles Tabesh, mpangaji mkuu wa ratiba, akarudishwa. Ubora wa TCM unategemea watu wachache wanaojua ghala lina nini, kwa hiyo kila mabadiliko ya uongozi yanastahili kufuatiliwa.

Kama unataka filamu kumi maarufu tu, nunua diski. Utapata picha bora na hutadaiwa kila mwezi. TCM inamfaa anayetaka kukutana na asichokijua. Jiunge kwa mwezi wa Agosti kwanza. Kila siku ya mwezi huo ni ya mwigizaji mmoja, saa 24. Tafuta siku ya jina ambalo hujawahi kulisikia, na urekodi filamu tatu zake za zamani zaidi, zile zinazorushwa asubuhi wakati wengi wako kazini.